Gari la Baba Lisilopauka

Juzi nilikuwa nimeegesha gari Hurlingham, hapa Nairobi, mbele ya jengo moja la maghorofa lenye ofisi juu na maduka chini, nikingoja dawa zangu za presha. Kijana mmoja akaja na ndoo mkononi na kitambaa begani, akagonga kioo kwa adabu. "Mathe, sasa. Hii rangi yako imechapwa na jua. Niipake wax kidogo?" Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua mkebe, na ile harufu ikaingia dirishani. Nilimfukuza kama mwizi. Maskini wa watu hakuwa amenikosea lolote. Akarudi nyuma, akaniangalia kama anayeangalia mgonjwa, akaenda kwa gari lingine. Nikabaki pale na wajukuu wangu kwenye kiti cha nyuma, nimejaa hasira, na hasira yenyewe ni ya harufu ya nta.

Wewe tumezoeana, kwa hivyo nitakueleza bila kuzungusha. Jengo lile limesimama pale palipokuwa na nyumba yetu. Ilikuwa nyumba ya serikali, ya matofali na vigae vyekundu, aliyoiacha karani mmoja Mzungu alipofunga mizigo baada ya uhuru. Baba naye alikuwa karani mjini, akapewa. Mama aling'oa mawaridi ya Mzungu siku ya kwanza akapanda kunde na mrenda, na majirani wakaanza kwa kumcheka, kisha wakaja kuomba mboga. Mbele palikuwa na mjakaranda mkubwa, na pande zote ua wa kaiyaba, ile miiba mirefu yenye matunda ya manjano machungu tuliyokula hata hivyo mpaka meno yakafa ganzi. Asubuhi ilinuka majani yaliyolowa umande na chai ya maziwa iliyopikwa mpaka ikageuka rangi ya udongo. Viazi vitamu vilitoka kwa sufuria vikifuka moshi. Sikudanganyi, palikuwa pazuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba palikuwa pazuri.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Baba alipata gari. Lilikuwa la buluu iliyokolea, na mtaa mzima ulitoka kulitazama. Sisi watoto tulidhani sasa tutatembezwa. Tulitembezwa kwenda kanisani Jumapili na kurudi, basi. Siku nyingine Baba alitoka asubuhi na koti lake na mwavuli, akalipita gari limelala chini ya kibanda cha mabati alichokijenga kwa mikono yake, akaenda kungoja basi la mjini pamoja na wapishi na matarishi. Jirani alipomuuliza, alijibu kwamba gari si kiatu, halivaliwi kila siku.

Kilichomtia wasiwasi kilikuwa jua. Aliambiwa habari za jua na mwenye duka wa River Road, mtu wa pwani mwenye kofia ya kudarizi na sauti ya taratibu, aliyeuza misumari, rangi, bawaba na mikebe ya kila aina. Nilikuwepo siku hiyo, nimeshika mkono wa Baba ili nisipotee katika ule msongamano. "Jua la huku lina hila, bwana," alisema, akipangusa mkebe kwa kanzu yake. "Wahisi baridi, kumbe rangi yaungua. Kwetu Mombasa jua latwambia kweli. Hili la Nairobi lanyamaza, kisha siku moja watoka nje waona gari lako limekuwa kama jivu." Baba alisikiliza kama anayesomewa Biblia. Tulirudi nyumbani na mkebe wa polishi na mkebe wa nta, na tangu siku hiyo Jumamosi yetu ikafa.

Kazi ilianza jua likiwa bado halijapanda. Kwanza maji, mengi, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ukifuta vumbi likiwa kavu unalikwaruza gari kwa mchanga wako mwenyewe. Kisha polishi, kidogo tu kwenye kitambaa, na kitambaa kilitoka buluu. Baba alisema hiyo ni rangi iliyokufa, tuiondoe ili iliyo hai ipumue. Halafu nta, kwa miduara midogo midogo, kipande kwa kipande, unaacha ikauke mpaka iwe na ukungu mweupe, ndipo unasugua kwa kitambaa kingine laini mpaka ukungu uondoke. Kila mtoto alikuwa na pahali pake. Pangu palikuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Mwisho Baba alidondosha maji kwa ncha ya kidole. Yakijikusanya yakawa shanga, tulikunywa chai. Yakitambaa, tulirudia.

Vitambaa vilikuwa nepi za ndugu yetu mdogo. Baba alijaribu fulana kuukuu, akajaribu taulo, akaona hakuna kinachofika nepi kwa ulaini. Mama alizitafuta kwenye kamba akazikuta kwenye boneti. "Baba watoto, mtoto avae nini?" Baba alijibu kwamba mtoto atakua, na kweli mtoto alikua, lakini alikua na upele. Mjakaranda ulipochanua, tulifagia maua kutoka kwenye kibanda kila tulipotoka shule, kwa sababu maua yale yana utomvu. Ndege walifukuzwa kwa makofi. Hakuna aliyeruhusiwa kuegemea gari akiwa amevaa mshipi wenye chuma. Vaselini ikiisha nyumbani ilingoja mwisho wa mwezi, nta haikungoja. Miguu yetu ilipauka kanisani mbele ya watu wote, na gari likang'aa nje.

Haya yote yalikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nyanya yangu, mama yake Mama. Kwetu magharibi mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwingine apite. Ni heshima. Sasa, Baba alipokwenda kuposa, akiwa kijana mwenye suruali moja, nyanya alikuwa jikoni, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka sebuleni: "Huyu atambebea nini mtoto wangu? Hata baiskeli hana." Watu walicheka. Baba hakuweza kujibu, kwa sababu mama mkwe hajibiwi. Akameza. Akaoa, akazaa, akapata kazi, akapewa nyumba ya Mzungu, na neno lile bado lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Gari ndilo lililokuwa jibu lake. Mdomo ulizibwa na heshima, lakini hakuna desturi inayokataza gari kusimama kwenye lango la wakwe likimeta mpaka mama mkwe ajione uso wake mlangoni. Lingefika Desemba, barabara zikiwa zimekauka na kila mtu amerudi nyumbani kwa Krismasi. Alitusimulia hivyo akisugua, bila hasira yoyote, hata akitabasamu. "Nyanya yenu ataona tu. Mimi sitasema kitu." Sisi watoto tuliona ni hadithi tamu. Tulisugua kwa bidii zaidi.

Desemba ile ya kwanza gari lilikuwa halijamridhisha, taa moja ya nyuma ilikuwa na ufa. Tukangoja Desemba nyingine.

Baada ya Pasaka mvua kubwa zilianza. Jumamosi moja tukiwa tumezunguka gari chini ya kibanda, mvua inapiga mabati, aliingia langoni kondakta wa basi la kwetu. Siku hizo makondakta wa mabasi ya kwenda magharibi ndio waliokuwa posta yetu. Walibeba unga wa wimbi, kuku waliofungwa miguu, na maneno ya watu wa nyumbani. Huyu hakubeba kitu. Alimsalimia Mama kwa mikono miwili. "Mama, nimetumwa na watu wa nyumbani. Mama yako ni mgonjwa sana. Anakuulizia. Wamesema ukuje."

Mama alifuta mikono kwenye leso yake akamgeukia Baba. Hakuwa na haja ya kusema, gari lilikuwa pale katikati yetu.

"Na hii mvua?" Baba alisema. "Huko yote ni matope. Mawe itakula rangi yote chini. Wacha ikauke kidogo, tuende vizuri."

"Basi mimi nitapanda basi," Mama alisema. "Kesho jioni niko huko."

Baba akaweka kitambaa chini. "Watu wataniona aje? Bibi yangu ashuke kwa basi na mtoto mgongoni na mizigo kichwani, na mimi niko na gari? Watasema hiyo gari ni ya picha."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyonaswa. Gari halikuweza kwenda kwa sababu ya matope, na basi halikuweza kumpeleka kwa sababu ya gari. Nimeishi miaka mingi na nimesikia ujinga wa kila namna, wa wasomi na wasiosoma, lakini ujinga kama huo sijausikia tena. Na ulisemwa kwa sauti ya upole, na mwanamume ambaye hakuwahi kumpiga mke wake, mzee wa kanisa, aliyependwa na mtaa. "Subira huvuta heri, mama watoto," akamwambia. Mama akaingia ndani. Tulisikia akipepeta mahindi ambayo yalikuwa yamepepetwa tayari.

Kondakta alirudi wiki iliyofuata. Alisema nyanya anauliza kila asubuhi kama binti yake amefika, na kwamba hanywi uji ila kwa kubembelezwa. Mama alifunga nguo za mtoto kwenye kikapu, akakiweka karibu na mlango. Kikapu kilikaa pale, tukakizoea, tukawa tunakiruka tukienda shule. Kila jioni Baba alitoka nje akatazama mbingu za magharibi, akatikisa kichwa. Usiniambie kwamba zilikuwa siku za zamani na watu walikuwa hivyo. Mpishi wa jirani, aliyetoka kijiji kimoja na sisi, alimpeleka mke wake kwao kwa basi lile lile, katika mvua ile ile, na hakuna aliyemcheka. Hakuwa na gari la kumzuia.

Mara ya mwisho kondakta alikuja na kofia mkononi. Mama alimwona kutoka dirisha la jikoni, akakaa chini sakafuni kabla hajafikisha neno.

Hapo Baba akawa mwepesi. Aliomba ruhusa kazini, akanunua petroli, akapakia watoto. Kwa mgonjwa barabara ilikuwa mbaya, kwa maiti ikawa nzuri ghafla. Mkwe asiyeonekana mazikoni ni aibu, unaelewa, na aibu ina nguvu kuliko matope. Tuliondoka alfajiri. Tuliteremka bondeni katika ukungu, tukapita Nakuru, tukala mandazi na mayai ya kuchemsha bila mtu kusema neno. Mama alikuwa mbele na mtoto mapajani, amefunga kitambaa kichwani, anatazama barabara. Tulipoacha lami, gari lilianza kucheza kama mlevi. Tope lilirukia mpaka vioo. Kila jiwe lililogonga chini, niliona mabega ya Baba yakishtuka.

Chini ya kilima cha kwao Mama kuna mto mdogo wenye daraja la mbao. Baba alivuka, akasimamisha gari. Mama alidhani limeharibika. Baba akashuka, akafungua buti, akatoa ndoo. Akatoa nepi. Akatoa mkebe wa nta.

"Unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Siwezi kuingia kwa wakwe na gari kama hii. Tuoshe haraka tu."

Juu kilimani nyimbo za kanisa zilikuwa zikisikika, na ngoma chini yake, polepole. Mama aliinua kidole. "Wanaimba."

"Wakiimba, bado hawajazika," Baba akasema, akachota maji.

Mama alimtazama. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwingine hivyo, na nimekaa mahakamani, nimekaa hospitali, nimezika watu. Alishuka, akafunga mtoto mgongoni kwa leso, akavua viatu akaviacha pale pale kwenye matope, akaanza kupanda kilima peke yake. Aliteleza akaanguka magoti, akainuka. Hakugeuka. Baba aligawa vitambaa. Nilipewa mlango wa nyuma wa kushoto.

Tuliosha. Tulipaka. Lakini hewa ilikuwa na unyevu na nta ilikataa kukauka, ikabaki imetanda kama ute, na nta haiharakishwi. Baba alivua koti lake la mazishi akaanza kuipepea, mlango huu, halafu ule, jasho linamtoka. Nyimbo zikanyamaza. Tukabaki na sauti ya mto na ya koti linalopepea. Kisha ikaja kutoka juu sauti moja ya kilio, ndefu, na sisi watoto tukaijua ni ya nani. Ndugu yangu alitupa kitambaa chini akaanza kulia. Baba akakiokota, akakikung'uta matope, akamalizia sehemu yake.

Tulipofika juu kaburi lilikuwa limefukiwa. Mama alikuwa ameketi kwenye udongo ule mbichi, miguu imejaa tope mpaka magotini, dada yake amemshika mabega. Shangazi za Mama hawakutusalimia. Mama mdogo ndiye aliyemwambia Baba, si kwa ukali, kwa uchovu tu: "Tulikungojea. Tuliwaona pale mtoni. Mchungaji akasema wanakuja, tungoje. Tukangoja, tukaona mnaosha gari. Mvua ikawa inakuja." Kumbe kilima kizima kilikuwa kinatutazama. Waombolezaji walisimama kando ya jeneza la nyanya, wakatutazama tukipaka gari nta.

Na gari likasimama langoni, kama alivyotaka. Lilimeta kwelikweli. Watoto wa kijiji walikimbia kujiangalia uso kwenye milango, wakitoa ndimi. Mjomba mmoja, mzee wa maneno matamu, alilizunguka na fimbo yake akasema, "Mkwe, gari yako inang'aa."

Baba akasema, "Asante."

Mengine yote ningeweza kuyasamehe. Ile asante sijaisamehe mpaka leo.

Mama alirudi Nairobi kwa basi. Tangu siku hiyo hakuingia tena katika gari lile, hata mara moja. Jumapili sisi tulikwenda kanisani na Baba, Mama alikuja kwa basi, akashuka na Biblia yake na mtoto wake, akaketi upande wa wanawake. Watu waliona, wakanyamaza, maana ndivyo tulivyolelewa, kuona na kunyamaza. Nyumbani aliendelea kumpikia Baba na kumfulia, akimjibu akiulizwa. Baba naye aliendelea kupaka nta kila Jumamosi. Wako watu walioniambia kwamba labda hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kulia. Labda. Mimi nilitaka alie kwa macho, kama mtu.

Niliwahi kumuuliza Mama, nikiwa mkubwa na mwenye mshahara wangu, kwa nini hakuondoka tu na kile kikapu akapanda basi. Nauli alikuwa nayo, kwa mboga alizouza. "Nilikuwa nangoja aseme nenda," akanijibu. Nilitoka nje nikaenda kusimama chini ya mjakaranda, kwa sababu ningebaki ningemtukana mama yangu mzazi.

Baba alipostaafu, serikali ikataka nyumba yake na gari likauzwa. Mnunuzi alikuwa fundi wa River Road, kijana mchangamfu. Alipitisha kiganja kwenye boneti, akachuchumaa akatazama milango dhidi ya mwanga, akashangaa waziwazi. "Mzee, gari ya miaka hii yote, na rangi haijapauka hata kidogo? Ulikuwa unaipatia nini?"

Baba alifungua mdomo. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akimenya viazi, na hakuinua kichwa. "Muulize imekula nini," akasema.

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Baba hakucheka. Alimpa funguo, akaingia ndani, na Mama akaendelea kumenya viazi mpaka gari likatoka langoni.

Watu wa umri wangu wanapenda kuililia Nairobi ile, na mimi pia naililia, usidhani sina moyo. Mjakaranda ulikatwa. Ua wa kaiyaba uling'olewa na tingatinga, na lile duka la River Road sasa linauza vifuniko vya simu. Makondakta hawabebi tena maneno ya wagonjwa. Binti yangu alipopigiwa simu kwamba naumwa, alifika kabla sijamaliza kuumwa, na viatu vyake vilikuwa na matope, na hakumuuliza mtu. Baba na Mama wamelala nyumbani magharibi, bega kwa bega, sijui kama wanaongea. Nisichojua kiko wapi ni gari tu. Liliuzwa, likauzwa tena, likapotea katika mikono ya watu. Naomba liwe lilimfikia mtu mvivu, asiye na kibanda wala nta, aliyeliacha juani mwaka baada ya mwaka. Naomba liwe limepauka.